Mmiliki wa Kihatarishi

Asiyesikia la mdogo huvunja guu la mwingine. Waliotangulia walisema vingine, na huenda enzi zao mtu aliyeziba masikio alivunjika guu lake mwenyewe. Katika miaka hii ya hifadhi na miradi, aliyeziba masikio hutembea vizuri tu, tena kwa viatu vya ngozi. Anayechechemea ni mtu aliyekuwa amekaa kwake.

Guu la safari hii lilikuwa la Hafidhi wa kisiwa cha Chole, mvuvi mwenye mashua moja iitwayo Subira. Nyumbani kwake aliishi na mkewe Somoe, mama yake Bi Biubwa, na binti yao Umi, aliyepata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam, akarudi kisiwani na kuajiriwa na mradi ulioitwa Bahari Nyepesi. Kila asubuhi Umi alivuka hadi Utende, kwenye kisiwa kikubwa, akapanda bodaboda hadi ofisini Kilindoni. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wavuvi kila kipande cha mfumo kinachotengenezwa, kisha kurudisha maoni yao.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa simu. Mvuvi aombe ruhusa kwa ujumbe, na walinzi wa mradi waone kwenye kishikwambi chombo kipi kimeruhusiwa na kipi kimefungiwa. Kiongozi wa mradi alikuwa Deusdedit, kijana kutoka bara aliyependa wepesi kama wengine wanavyopenda dini. "Sisi hatujengi jahazi mwaka mzima halafu likazama siku ya kushushwa," aliwaambia wavuvi wa Chole siku ya uzinduzi. "Tunajenga ubao mmoja, tunaingia nao majini, tunajifunza. Halafu ubao wa pili." Wavuvi waliposikia habari ya kuingia majini na ubao mmoja, walitazamana, wakaendelea na soda za mradi.

Kazi ziligawanywa katika vipindi vya wiki mbili vilivyoitwa mbio. Ndani ya mbio moja Umi alipeleka simu dikoni, pale wanaposhushia samaki, akamwomba bibi yake awe wa kwanza kuijaribu. Bi Biubwa alikubali kwa sharti kwamba apigwe picha.

"Andika Subira," bibi akaagiza.

Umi akaandika. Ikatokea mashua moja.

"Na Subira ya Jumanne, yule mvuvi wa kisiwa cha Juani, iko wapi?"

Umi akatafuta, akatafuta tena. "Inasema ni hiyohiyo, bibi."

"Hii hatari, mjukuu wangu."

"Hatari sana," wavuvi waliosimama nyuma yake wakasema, na mmoja akarudia, "Hatari kweli hii."

Kesho yake timu ilikutana kwenye kikao cha kusimama. Hakuna kiti, eti mtu akikaa husema sana. Husema yule tu aliyeshika mpira mdogo wa manjano, na kengele ya simu ikilia, mpira unahama. Ukutani kulikuwa na karatasi za kunata zilizopangwa katika safu, na safu mbili za mwisho zilikuwa Sifa na Vihatarishi. Chini ya Vihatarishi ilibandikwa karatasi moja tu: umeme kukatika.

Umi akapokea mpira. "Nimewaonyesha wavuvi wa Chole. Wamesema ni hatari."

Goodness, mtengenezaji wa mfumo, akapiga makofi. Deusdedit akacheka kwa furaha. Mjini, kwa vijana wa rika lake, wimbo mzuri ni hatari, pilau tamu ni hatari, na msichana aliyependeza ni hatari zaidi.

"Hatari tu, au hatari sana?" akauliza.

"Hatari sana. Bibi yangu ndiye aliyeanza kusema kwamba..."

"Mpaka bibi," Deusdedit akasema, akiwageukia wenzake. "Jamani, mpaka bibi." Kengele ikalia. Mpira ukahama. Karatasi ikabandikwa chini ya Sifa, na Goodness akaichorea mwali wa moto.

Baada ya kikao Umi alimfuata Deusdedit. "Kaka Deus, wale hawakusifia."

"Usijali, dada Umi. Kama kuna ziada, lete kwenye kikao cha kutazama nyuma."

Kikao hicho kiliahirishwa, kwa sababu timu nzima ilikwenda Dar es Salaam kwenye semina ya kuwasikiliza watumiaji.

*

Hafidhi alifika Utende na samaki wazuri, changu na tasi, akielekea kwa mnunuzi wake. Mlinzi wa mradi, kijana aliyeitwa Rabson, alimpokea na kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mzee. Chombo kinaitwaje?"

"Marahaba. Subira."

Rabson akabonyeza, kisha akashusha macho. "Subira imefungiwa, mzee. Imekutwa na juya."

Juya ni wavu wa kukokota unaofagia chini ya bahari, nao umepigwa marufuku. Hafidhi alikuwa na mshipi na madema, mitego yake ya kusuka. "Juya mimi nalisikia tu," akasema.

"Mfumo unasema Subira."

"Subira ipi?"

"Subira."

"Ya nani?"

"Hapa haisemi ya nani. Inasema Subira."

"Mwanangu, Subira ziko nyingi. Iko ya Jumanne kule Juani, na huko mbele ziko nyingine nisizozijua."

"Kwenye mfumo iko moja, mzee."

Hafidhi akaitazama mashua yake, akamtazama Rabson. "Basi hiyo iliyo kwenye mfumo ishikeni. Niachieni hii iliyo majini."

Rabson hakucheka, ingawa alitaka. Mkataba wake ulikuwa wa mbio kwa mbio. Yeye na walinzi wenzake wakaivuta Subira mchangani, juu kabisa ambako maji hayafiki, wakaing'oa usukani na kuuchukua. Samaki walipigwa picha wawe ushahidi, kisha wakaachwa juani, na paka wa Utende wakapata sikukuu. Hafidhi alirudi Chole ndani ya chombo cha watu, akalipa nauli kama mgeni.

*

Jioni ile Somoe alikwenda dukani kununua dagaa wa bara. Hakuna fedheha kubwa kwa mke wa mvuvi kuliko dagaa wa kufungwa kwenye karatasi, na jirani yake Chiku alimwona.

"Somoe, leo mmevua dukani?"

"Dukani, shoga yangu. Maji yalikuwa mazuri."

Nyumbani walizunguka sahani. Hafidhi aliwachambua dagaa mmoja mmoja kama anayetafuta aliyemfahamu. Bi Biubwa ndiye aliyeanza.

"Mimi nilisema hatari."

"Nililifikisha, bibi," Umi akajibu.

"Ukalifikisha wapi?"

"Ofisini. Wakalipigia makofi."

"Makofi ya nini?"

"Walidhani unasifia."

Bi Biubwa akaweka tonge sahanini. "Mimi nimsifie nani? Babu yako nimekaa naye mpaka kufa kwake, sikumsifia."

Somoe akamgeukia mumewe. "Wataiweka mpaka lini?"

"Hawakusema."

"Na hilo jua litaifanyaje?"

Hapakuwa na mtu katika nyumba ile asiyejua jibu. Mashua ya mbao huishi kwa unyevu. Ikiachwa mchangani jua likaipiga, mbao husinyaa, kalafati, ile pamba ya kuzibia, hutoka kwenye maungio, na chombo huwa tenga. Hafidhi hakuwa na cha kununulia mashua nyingine, wala umri wa kuanza kumvulia mtu. Umi aliinuka kabla ya kumaliza chakula, akanawa, akasema ataliweka sawa asubuhi.

*

Asubuhi alishika mpira wa manjano na kueleza yote, haraka, kabla ya kengele. Mashua mbili, jina moja, mfumo umezifanya kitu kimoja. Kosa la ile, adhabu kwa hii.

Deusdedit alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kupiga makofi polepole. "Huu ni ushindi," akasema. "Tuliwaahidi wafadhili kwamba hatutangoja kuanguka mwishoni. Tutaanguka mapema, tutaanguka kwa gharama ndogo. Leo tumeanguka mapema."

"Gharama ndogo kwa nani?"

"Kwa mradi."

"Mradi haukuanguka, kaka Deus. Aliyeanguka ni baba yangu."

Goodness alikuwa anatazama viatu vyake. "Kile kipande nilikiweka kwa muda," akasema taratibu. "Tulikuwa tunawahi onyesho. Nilisema jina la chombo litatosha kwa sasa. Nikianza leo, kesho nitakuwa nimekirekebisha."

"Huanzi leo," Deusdedit akasema. "Mbio imeshaanza. Kazi haiingizwi katikati ya mbio."

"Sasa hivi tunafanya nini katika hii mbio?" Umi akauliza.

Goodness akasema walikuwa wanabadilisha rangi ya kitufe.

"Kutoka?"

"Bluu."

"Kwenda?"

"Bluu bahari."

"Sisi ni wepesi, dada Umi," Deusdedit akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, "lakini si wahuni. Mbio ikiisha tutapanga. Kazi yako ikipata kura, itaingia." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Kuna njia ya mkato. Mzee abadilishe jina la chombo. Ni dakika moja."

*

Hafidhi aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa abadilishe jina la mama yake. Lakini mbao zilikuwa zinakauka. Alivuka na kopo la rangi nyeupe, akaandika ubavuni: SUBIRA YA PILI. Watu waliokuwa ufukweni walikusanyika kumwangalia, na habari ikafika Chole kabla yake.

"Mwenye Subira ya pili ana na mke wa pili," Somoe alimwambia mlangoni. "Niambie tu, nijue nipike kiasi gani."

Usiku huohuo Umi aliingiza jina jipya kwenye mfumo, nao ukajibu kwa herufi za bluu bahari: chombo kipya, hakina kibali, kimefungiwa mpaka kipate. Kibali kilihitaji ukaguzi, na ukaguzi wa vyombo vipya ulikuwa kipande ambacho bado hakijajengwa. Kilikuwa kwenye foleni.

Siku iliyofuata Hafidhi alikwenda Utende na debe la sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali yanayopakwa mbao za chombo zisipasuke. Rabson alimzuia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetamani ardhi immeze.

"Mzee, hii Subira ya Pili haina mwenyewe bado kwenye mfumo. Siwezi kumruhusu mtu apake chombo kisicho chake."

"Cha nani sasa?"

"Si cha mtu."

"Na nikikipaka sifa chombo kisicho cha mtu, atalalamika nani?"

Rabson akatazama kishikwambi, akatazama bahari. "Mimi nina watoto, mzee."

Hafidhi akaketi kivulini na debe lake. Alipoikagua mashua kwa mbali aliona mwanga ukipenya katikati ya ubao wa tatu na wa nne, mwembamba kama uzi. Alirudi nyumbani akamwambia Umi, "Sifa zote zimeishia ofisini kwenu. Chombo kimekosa." Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote aliyowahi kumwambia bintiye, na aliyasema bila kupandisha sauti.

*

Siku chache kabla ya onyesho kubwa la wafadhili, Deusdedit alimwita Umi pembeni. Safari hii alimpa kiti.

"Wafadhili wameona habari ya mashua," akasema. "Wanataka kujua kwa nini safu yetu ya vihatarishi ina umeme tu. Na kila kihatarishi, kwa taratibu zao, lazima kiwe na mmiliki."

"Mmiliki?"

"Mtu mwenye jina lake. Nimekuandika wewe."

Umi alidhani hakusikia vizuri. "Baba ana mashua asiyoruhusiwa kuigusa. Mimi sasa nina kihatarishi. Nyumba yetu imetajirika."

"Dada Umi, sikiliza. Wewe ndiye uliyekuwa na taarifa. Ulisema hatari. Hatari ni lugha ya mtaani. Ungetaka tushtuke, ungesema kihatarishi."

"Bibi yangu hajui kihatarishi. Anajua hatari."

"Ndiyo maana tulikuajiri wewe uliyesoma." Alisogeza bahasha juu ya meza. "Onyesho litafanyika palepale Utende. Utasimama, utasema maneno mawili matatu, kwamba taarifa haikufikishwa ipasavyo na unaomba radhi. Wafadhili wanapenda timu inayokiri. Ukimaliza, nampa mlinzi hii barua. Chombo cha mzee kinafunguliwa siku ileile, kwa mkono."

"Kwa mkono?"

"Ndiyo."

"Kumbe kinafunguka kwa mkono."

"Ikibidi."

"Tangu siku ya kwanza?"

Deusdedit akakunja midomo. Alikuwa na hofu yake pia. Mkataba wake nao ulikuwa unaisha, na huko kwao walishaambiwa kwamba yeye ni mkurugenzi. "Usichanganye mambo," akasema. "Tukianza kufungua kwa mkono kila mara, mfumo utajifunza nini?"

Nyumbani walilijadili kama linavyojadiliwa jambo la posa. Somoe alisema radhi haivunji mfupa. "Mangapi tumeomba radhi hapa duniani ambayo hatukuyafanya? Sema, chombo kirudi, ukishafika nyumbani utatema mate."

"Na kazi yangu, mama? Nikishakiri mbele yao, mwenye kosa ni mimi milele."

"Kazi ipo wapi bila chombo? Tunakula dagaa wa karatasi."

Hafidhi alikuwa anasuka dema lisilo na pa kwenda. "Sema tu samahani, mwanangu," akasema bila kumtazama. "Ni neno moja tu."

Bi Biubwa peke yake ndiye aliyeuliza kama siku hiyo kutakuwa na mpiga picha.

*

Hema lilisimamishwa ufukweni Utende, hatua chache kutoka pale Subira ilipolazwa. Wafadhili walikaa mbele, wanakijiji nyuma. Mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja mpole kutoka ng'ambo. Deusdedit alikuwa amemfundisha njiani kwamba wenyeji wakipenda kitu husema hatari. Kwa hiyo alipopita kuwasalimu wazee aliwapa mkono mmoja baada ya mwingine akisema kwa tabasamu, "Hatari. Hatari sana." Wazee waligeuka kutazama baharini kuna nini.

Kitambaa cheupe kilitundikwa, picha ya mfumo ikamulikwa. Goodness akaandika jina la chombo ili waone wepesi wake. Kwa bahati mbaya au kwa kusudi, na yeye peke yake anajua, aliandika Subira. Kwenye kitambaa ikatokea mashua moja, nyekundu, imefungiwa. Ya Chole na ya Juani, ya mshipi na ya juya, zote mle mle. Bado hawakuwa wamerekebisha.

Bi Biubwa, aliyevaa kanga mpya kwa ajili ya picha, akasimama na kunyoosha kidole.

"Hatari," akasema. "Hii ni hatari. Mtawaua watu kwa njaa."

Mgeni wa heshima alilitambua neno la kwanza. Akapiga makofi. Wafadhili wakamfuata, na Deusdedit, aliyeelewa maneno yote, akapiga pia, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshaanza. Makofi yalijaa hema. Mpiga picha akampiga Bi Biubwa picha akiwa amenyoosha kidole, mdomo wazi, na mpaka leo picha hiyo iko kwenye kalenda ya mradi.

Bi Biubwa aliketi taratibu. Hafidhi alimtazama mama yake, akaitazama ile mianya ya mwanga katika ubavu wa mashua, ambayo sasa ilipitisha kidole.

"Na sasa," Deusdedit akasema kwenye kipaza sauti, "mwenzetu Umi, mmiliki wa kihatarishi, ana neno fupi la uungwana." Bahasha ilikuwa mkononi mwake, na Rabson alisimama karibu, tayari kuipokea.

Umi alikwenda mbele. Alimtafuta baba yake kwa macho. Hafidhi, aliyekuwa amemwomba aseme, alitikisa kichwa mara moja, kama anayekataa kuongezewa chai.

"Hatari," Umi akasema, na mgeni wa heshima akainua mikono. "Msipige makofi. Naomba mtu amfasirie mama huyu. Bibi yangu amesema mtaua watu kwa njaa, nanyi mmemshangilia. Nami nilisema hivyohivyo ofisini, mkanichorea moto. Mnasema mnaanguka mapema ili muanguke kidogo. Geukeni nyuma mtazame mlipoangukia. Pale. Mwanga unaingia upande huu unatokea upande ule."

Baadhi waligeuka. Mgeni wa heshima alimuuliza jirani yake jambo, naye jirani akajifanya anatafuta miwani.

Deusdedit akasogea, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Bahasha ilikuwa imeanza kulowa jasho. "Dada Umi," akanong'ona, "usijiharibie. Ni neno moja tu."

Umi akakiondoa kile kiganja kwenye kipaza sauti, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Na hatari lilikuwa neno moja tu," akasema. "Siombi radhi."